Buji za iridiamu Bukavu: ncha nimeipenda, maneno ya boksi siyakubali

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Bukavu. Hizi mnazoziona mezani ni buji (plagi zinazotoa cheche ya kuwasha injini) zenye ncha ya iridiamu, madini magumu, aina ileile ya nne nilizozifunga mwezi uliopita katika gari langu la zamani la esanse, yaani petroli. Saizi ya spana na urefu wa uzi sitavieleza, kwa kuwa makanika wenu anavijua. Ninachotaka mkitazame ni ncha.

Mkono wa kushoto nina buji ya kawaida ya nikeli, ambayo ncha yake ina unene wa milimita 2.5. Hii ya kulia ni ya milimita 0.6 tu, nyembamba kama sindano, na inavumilia kwa sababu iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,446 za Selsiasi, wakati nikeli huyeyuka kwenye 1,455. Umeme hujikusanya penye ncha kali, hivyo cheche huruka kwa volti chache zaidi. Lakini lililonifurahisha hasa ni hili: cheche inapowasha mchanganyiko wa hewa na esanse, mwali wa kwanza huwa mdogo mno, na chuma kinene kilicho kando yake huunyang'anya joto hadi ukafifia, pengine ukazimika. Ncha nyembamba haiunyang'anyi sana, nao hukua, husambaa silindani na kuisukuma pistoni chini. Wengi husema esanse hulipuka. Hapana, huungua kwa mpangilio, na kwa kuwa kuungua huko kunahitaji muda, cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa. Mkisikia injini inagonga, hapo ndipo mwako umetoka katika mpangilio wake.

Sasa boksi linadai nguvu itaongezeka, na dai hilo limeniudhi. Injini haiwezi kuunguza esanse zaidi ya hewa iliyoivuta, na hapa kwetu, takriban mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Gari langu linapanda Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kwa uchovu uleule. Kweli, asubuhi linawaka upesi na sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Nilikuwa tayari kuisifu iridiamu, hadi nilipozitazama zile za zamani na kuona ncha zimelika na mianya imepanuka. Hata nikeli mpya zingeniletea nafuu hiyo, na kwa bei ndogo: mimi nimelipa dola 40 kwa nne, ilhali za nikeli nilipewa kwa 10. Faida ya iridiamu ni kudumu, ikiwa si bandia.

Walioniuliza kuhusu mazutu (dizeli), ambayo huwaka bila cheche kwa joto la hewa iliyobanwa, wasubiri video ijayo. Kwanza nina kazi ya kesho: buji ya zamani ya silinda ya tatu ilitoka nyeusi, imejaa masizi makavu, dalili ya esanse kuizidi hewa. Nitaifungua injekta yake, kifaa kinachonyunyizia esanse, kwani buji mpya nayo imeanza kushika masizi yaleyale.