SQLite kwa mtu wa viazi: MIN yake tamu ila angalia usiweke bei kwenye TEXT

Wakuu, msimu mzima huu nimetumia SQLite, programu ya kanzidata (yaani ya kutunza data kwenye majedwali), kutunza bei za viazi ninavyokusanya kwenye masoko ya Uyole, Mbalizi na Isongole huku Mbeya, sasa ngoja nitoe langu. Ni bure, hulipii leseni wala hutafuti seva, kanzidata nzima ni faili moja natembea nalo kwenye fleshi, na kompyuta yangu ya mtumba wala haihemi.

Kilichonikamata ni MIN, yaani amri ya kutafuta thamani ndogo kuliko zote. Zamani nilikuwa nashuka na daftari mstari kwa mstari hadi macho yanauma, siku hizi jedwali langu naliita manunuzi, naandika tu:

SELECT soko, MIN(bei), tarehe FROM manunuzi GROUP BY soko;

Kila soko linakuja na bei yake ya chini, na tarehe inayotokea ni ya gunia lilelile. Hiyo tarehe ni ofa ya SQLite lakini, ukiipeleka kwiri hiyo (hilo ombi la data) kwenye PostgreSQL, kanzidata nyingine, inakugomea hapohapo.

Haya, aibu yangu sasa. Wiki ya kwanza ikaniambia bei ya chini Uyole ni 110000, nikabisha, maana gunia la 95000 nilibeba mwenyewe na mama aliyeniuzia tulivutana asubuhi nzima kwenye baridi ile ya mwezi wa 7. Kumbe safu ya bei niliifungua kama TEXT, yaani maandishi badala ya namba, kwahiyo inapanga kama kamusi, inaangalia herufi ya kwanza, 1 inatangulia 9 basi laki na kumi ndo ikawa ndogo eti! Nikaandika MIN(CAST(bei AS INTEGER)), yaani igeuze kwanza iwe namba, ikanyooka.

Halafu dogo wangu, siku asipofika sokoni alikuwa anajaza 0. MIN ikaleta sifuri, viazi vya bure Isongole! Nikamwambia aache NULL, yaani patupu bila thamani, hiyo MIN inairuka yenyewe.

Kingine, ukitaka mstari mzima wa gunia la bei ya chini, usijaribu WHERE bei = MIN(bei), haikubali kabisa, inabidi uandike WHERE bei = (SELECT MIN(bei) FROM manunuzi), mi hiyo ilinila jioni nzima na umeme ukakatika katikati.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeinyima kwasababu ilinipa ile 110000 bila hata kukohoa, na mi nilishampigia dereva simu kumwambia bei imepanda.