Apu inayokula maski: msiilipie

Nimevumilia nimeshindwa. Hii apu ya kuediti picha kwenye simu, ile kila mtu anaisifia eti ina leya (matabaka ya picha yaliyopangwa moja juu ya jingine) na maski (kifuniko cha kuficha sehemu ya leya) kama za kompyuta, imenitia aibu kwa mteja.

Kazi ilikuwa picha ya sendofu. Bi harusi mbele kapendeza, nyuma viti vya plastiki na maspika. Nikadurufu leya, ile ya juu nikaitia ukungu, nikaiwekea maski, nikapaka nyeusi juu ya bi harusi ili ukungu umtoke, nyuma nikaacha nyeupe ukungu ubaki. Kwenye shela nikapita na kijivu, maana kijivu kinapitisha nusunusu, ndo shela ikakaa laini bila kuonekana imekatwa. Halafu juu leya nyingine ya rangi tupu, dhahabu, nayo na maski yake ili ikae ukutani tu isiguse ngozi. Ile ncha ya shela nimekesha nayo mpaka kidole kikafa ganzi, ila ilitoka nzuri jamani.

Nikaseivu kama projekti. Baadaye mama yake bi harusi akapiga: "Mwanangu, picha nzuri, ila hiyo dhahabu ipunguze, ukuta tumeuremba zambarau mbona hauonekani?" Sawa mama, sasa hivi. Kufungua, leya MOJA. Maski hamna, rangi hamna, vyote vimeshindiliwa kwenye picha.

Sasa maski ina kazi gani? Maski haifuti kitu, inaficha tu, mteja akibadili mawazo unapaka nyeupe kinarudi. Ukishaigandisha na picha hicho ni kifutio, msituuzie kwa jina la maski!

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, wakanijibu nirudie kazi upya, na kwamba kutunza leya ni kifurushi cha juu. Kifurushi cha juu! Na mwezi nimeshalipia.

Nisiwadhulumu, brashi yao tamu, unakuza kwa vidole viwili mpaka uzi wa shela unauona, na ukingo unaulainisha utakavyo. Kwa picha ya kuposti ukasahau ningewapa nyota tatu. Ila hapana, hata ukungu wenyewe nikiuangalia vizuri, wekundu wa gauni ulivujia nyuma ukamzunguka bi harusi mzima, kwa sababu ukungu unachanganya rangi zilizo jirani, na apu haikupi njia ya kumtoa mtu kwenye leya kabla hujaitia ukungu. Nyota moja, na hiyo ni ya brashi.

Kazi nimeirudia yote kwenye GIMP, programu ya kuediti picha ya kompyuta, kwa laptopu ya shemeji, bure kabisa. Ukiseivu inatoa faili la XCF leya zote ndani, JPEG unaitoa mwisho ya kumtumia mteja, maana JPEG haibebi leya. Nimefungua tena na tena maski zipo, dhahabu nimeipunguza, zambarau ya mama inaonekana. Wale wa apu nimewadai hela yangu, mpaka sasa kimya.