Uzoefu wangu wa kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Tokyo kwa daraja la kawaida

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiuza vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo, na karibu kila kilichopita mikononi mwangu, tangu taa za Toyota IST hadi giaboksi za Noah, kilitoka Japani, nchi ambayo nilikuwa nikiijua kwa njia ya simu na hati za mizigo tu. Oktoba iliyopita nilikwenda kuikagua bidhaa kwa macho yangu mwenyewe. Kwa kuwa nauli ilitoka kwenye mtaji wa duka, daraja la biashara halikuwa jambo la kujadiliwa, maana wakala wa tiketi alinitajia bei iliyozidi mara tatu ya ile ya daraja la kawaida. Naandika kwa ajili ya mtu atakayekaa nyuma ya ndege kama mimi, na ambaye safari yake ndefu kuliko zote angani hadi sasa ni ile ya saa moja na nusu ya kwenda Mwanza.

Hakuna ndege inayotoka Tanzania moja kwa moja hadi Japani, kwa hiyo tiketi yoyote utakayouziwa ina kituo kimoja au zaidi. Anayepitia Addis Ababa kwa ndege za Ethiopia hutua pia Incheon, Korea Kusini, kabla ya kufika Narita, uwanja wa ndege unaohudumia Tokyo. Anayepitia Istanbul hupelekwa kwanza kaskazini sana ndipo ageuzwe kuelekea mashariki. Na anayepitia miji ya Ghuba, kama Doha au Dubai, hugawiwa safari vipande viwili, kimoja cha takriban saa sita na kingine cha takriban saa kumi. Nilichagua Ghuba, nikalipa Sh 3,640,000 kwenda na kurudi, pamoja na ruhusa ya mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Wakala alikuwa na tiketi nyingine ya shirika hilohilo iliyopungua kwa Sh 280,000, ambayo ingenikalisha uwanjani saa 17 nikisubiri ndege ya pili. Niliikataa kwa upande wa kwenda, kisha tamaa ya kuokoa fedha ikanifanya nikubali kitu kinachofanana nayo kwa upande wa kurudi, na kosa hilo nitalieleza likifika zamu yake.

Watu wengi wakirudi kutoka safari za namna hii husimulia chakula na filamu. Kwa mizani yangu hayo ni madogo. Saa ya kuondoka, muda wa kusubiri na namba ya kiti, ambavyo vyote huamuliwa wiki kadhaa kabla hujafunga begi, ndivyo vilivyoamua kama ningefika nikiwa mtu au nikiwa mzigo.

Kipande cha kwanza kilinifundisha hilo kwa vitendo. Tuliondoka jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere saa kumi na moja jioni, katika ndege aina ya Boeing 777 yenye viti kumi kwa kila safu: vitatu dirishani, vinne katikati, vitatu dirishani. Sikuwa nimelipia kuchagua kiti, nikidhani kwamba kiti ni kiti, na mfumo ukanipangia kimojawapo cha vile viwili vya ndani katika kundi la wanne. Upana wa kiti cha daraja hili ni kama sentimita 43 au 44, na kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele ni kama sentimita 80, vipimo ambavyo kwenye karatasi havisemi kitu mpaka jirani wa kushoto na wa kulia wote wawe wameshika mikono ya viti na wewe umebaki umekunja mabega kama abiria wa kati kwenye daladala ya Mbagala. Tofauti ni kwamba Mbagala utashuka. Kila nilipotaka kwenda msalani ilinibidi nimwamshe mzee mmoja mpole aliyekuwa akirudi Muscat, naye kila mara aliamka akiniombea dua, jambo lililozidi kunitia haya hadi nikaacha kunywa maji. Kuacha maji ndani ya ndege ni kosa, na nililijua kosa hilo kwa kichwa kuniuma.

Bahati yangu ni kwamba wakati wa kukabidhi mabegi Dar es Salaam mhudumu wa kaunta aliniuliza kama nina ombi lolote kuhusu ndege ya pili, nami nikamwomba kiti cha njiani, yaani kilicho kando ya ujia wa kupita. Alinipa bila malipo yoyote. Tangu hapo nimejua kwamba asiyetaka kulipia kiti anapaswa angalau kufika mapema na kuuliza kwa adabu, kwa sababu viti vya njiani hugawiwa na kuisha kabla foleni haijafika katikati. Wanaoogopa kulala wima wachague dirishani, wapate ukuta wa kuegemea, lakini wajue kwamba wamekubali kufungiwa ndani na watu wawili kwa saa kumi. Safu ya mwisho kabisa, iliyo karibu na vyoo, nisingemshauri hata hasimu wangu kuikubali: katika ndege nyingi viti vyake havilali vizuri, na harufu na mlio wa maji haviishi usiku kucha.

Saa tatu za kubadilisha ndege zilinitosha kabisa. Mizigo mikubwa husafirishwa yenyewe hadi Narita, kwa hiyo abiria hubaki na begi la mkononi tu, ingawa hukaguliwa upya kwenye mashine, na chupa ya maji uliyotoka nayo ndani ya ndege haitapita. Nilikuwa na chupa tupu, nikaijaza baada ya ukaguzi. Nilitawadha, nikaswali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya, kisha nikatembea uwanja ule mwisho hadi mwisho bila kununua chochote. Kutembea kule kuliniletea faida iliyoonekana baadaye, kwani miguu iliingia kwenye ndege ya pili ikiwa imenyooka.

Tuliruka saa nane usiku. Nilivaa soksi za kubana zinazofika chini ya magoti, nikavua viatu, nikatoa doti ya khanga niliyoiweka juu ya begi makusudi. Blanketi la daraja la kawaida ni jepesi na baridi ya ndege ile ilikuwa kali kuliko niliyoitarajia, na khanga mbili zilinifaa kuliko kila kitu nilichonunua kwa ajili ya safari: moja nilijifunika kuanzia kichwani, nyingine nikaikunja ikawa egemeo la kiuno. Ule mto wa shingo wenye umbo la kiatu cha farasi, nilioununua kwa bei ya kuumiza, niliuacha chini ya kiti nikausahau kabisa.

Jambo ambalo sikuelezwa na mtu ni kwamba ukielekea mashariki usiku hukatwa. Ndege inakwenda kulipokea jua, kwa hiyo alfajiri ilitukuta chini ya saa tatu baada ya kuruka, wakati mwili wangu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kukubali usingizi. Wahudumu waliomba madirisha yote yafungwe, na ndani kukabaki giza la kutengenezwa huku nje ni asubuhi nyeupe. Ningepitwa na swala ya Alfajiri kama si ramani ya kwenye skrini, ambayo iliuonyesha mstari unaotenganisha mchana na usiku ukitukimbilia, na ambayo pia ilionyesha mwelekeo wa Kibla. Niliswali nikiwa nimeketi. Baada ya hapo nililala kwa vipande vya dakika arobaini, nikiamka na kukuta kila mara tuko juu ya China, kana kwamba nchi ile haina mwisho.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Shirika la Ghuba hutoa nyama halali kwa abiria wote, kwa hiyo sikulazimika kuagiza mlo maalumu. Katika kipande cha pili kulikuwa na chaguo la Kijapani, samaki kwa wali pamoja na tambi baridi za soba na mboga zilizochachuliwa, lakini toroli lilipofika safu yangu samaki walikuwa wamekwisha na nikabaki na kuku. Skrini yangu nayo ilikuwa na tundu la hedifoni lililolegea, likitoa sauti upande mmoja tu. Mhudumu alijaribu kuiwasha upya mara mbili, akaomba radhi, na mambo yakaishia hapo. Si makosa ya kumfanya mtu asirudi. Hata hivyo, ni vyema kujua kwamba hewa kavu na mgandamizo mdogo hupunguza uwezo wa ulimi kuonja chumvi na sukari, ndiyo maana chakula cha ndege huonekana kimepooza. Korosho za kukaanga na kashata zangu za tangawizi zilikuwa na ladha kali kuliko vyote nilivyopewa.

Hewa hiyo inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayochosha kuliko kiti. Ndani ya ndege kubwa hewa hugandamizwa hadi kufanana na ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi hatashangaa, lakini sisi tuliozaliwa pwani tunapandishwa mlima bila kuulizwa. Unyevu nao huwa chini ya asilimia 20, wakati Dar es Salaam hata nguo hukataa kukauka. Midomo ilinipasuka na pua ikawaka, na kwa kuwa safari hii nilikuwa kwenye kiti cha njiani, nilikunywa maji bila woga na kusimama kila baada ya saa mbili hivi, nikitembea hadi jiko la nyuma na kurudi. Kukaa bila kusogeza miguu kwa saa nyingi kunaweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wajawazito, wazee na waliofanyiwa upasuaji karibuni, ambao wanapaswa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi.

Tulitua Narita saa kumi na mbili jioni. Hapo niligundua jambo lililonichekesha peke yangu kwenye foleni ya uhamiaji. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na saa yangu ya mkononi, ambayo sikuibadilisha, mishale yake yote miwili ilisimama kwenye 12. Nyumbani hiyo ni saa sita mchana. Lakini kwa kuhesabu Kiswahili, Tokyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kama namba ilivyoandikwa. Msemaji wa Kiswahili akiwa Japani anaweza kuiacha saa yake kama ilivyo na kuisoma kama Mzungu asomavyo, na akapata saa ya pale kwa lugha yake.

Taarifa zangu za uhamiaji na forodha nilikuwa nimezijaza kwenye tovuti rasmi ya Visit Japan Web kabla ya kuondoka, nikaonyesha msimbo kwenye simu, nikachukuliwa alama za vidole na picha, na ndani ya dakika arobaini nilikuwa nimeshika mabegi yangu. Ndugu waliotaka kumpelekea mtoto wao anayesoma kule nyama ya kukausha na maembe nilikuwa nimewakatalia, wakanuna. Japani hairuhusu bidhaa za nyama zisizo na cheti cha ukaguzi cha nchi zilikotoka, na matunda mabichi nayo yana masharti makali. Mbwa mdogo wa wakaguzi alinusa mabegi yetu mmoja baada ya mwingine bila haraka yoyote. Narita yenyewe iko mkoani Chiba, takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, kwa hiyo ongeza saa nzima ya treni kwenye uchovu ulio nao.

Kosa langu kubwa la upande wa kwenda lilikuwa kupanga kuhudhuria mnada wa magari asubuhi iliyofuata. Usiku ule usingizi ulinijia karibu na mapambazuko, na saa tatu asubuhi, ambapo mwili wangu ulijua kuwa ni saa tisa usiku, nilikuwa nimeketi mbele ya skrini ambazo gari moja huuzwa kwa sekunde chache, nikishindwa kusoma daraja la ukaguzi la gari ambalo ningeweza kulisoma nikiwa nimefumba macho pale Gerezani. Mwenyeji wangu alinunua kwa niaba yangu. Nilikuwa mtazamaji niliyelipa nauli.

Kurudi ndiko kulikonitesa. Angani kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa kwenda ulitusukuma na wakati wa kurudi ulitupinga, hata saa kumi zikawa kumi na moja na nusu. Tulifika Ghuba saa kumi usiku, na hapo ile nafuu ya tiketi ikadai haki yake: saa 11 za kusubiri. Viti vya uwanjani vina mikono ya chuma ili mtu asilale. Nilinunua chai mara tatu, chakula mara mbili na chaja ya simu kwa bei ambayo Kariakoo ingeanzisha ugomvi, na nilipopiga hesabu nikiwa nyumbani niliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya fedha niliyodhani nimeokoa iliishia palepale uwanjani, bila kuhesabu siku ya pili yake niliyoshindwa kufungua duka.

Kwa daraja la kawaida lenyewe, kwa bei ile, ningetoa alama nne kati ya tano, na ile moja ninayoizuia nusu ni ya tundu la hedifoni na nusu ni ya samaki. Nimeshamwomba wakala tiketi ya mwezi wa tatu: kiti cha njiani katika vipande vyote vinne, kusubiri kusikozidi saa nne kwenda na kurudi, na kufika Narita siku mbili kabla ya mnada. Amesema itaongezeka Sh 310,000. Nimemwambia akate.