Ajenti wa waandishi: wamenikatalia kitabu ambacho sijaandika

Kwanza niseme wazi, sikuja hapa kulia juu nimekataliwa. Kukataliwa nimeshazoea. Nimekataliwa na watu wa London, wa New York, wa Paris, wengine kwa adabu wengine kwa kunyamaza tu mpaka leo, na yote nilimeza nikaendelea kufundisha watoto wa watu asubuhi na kuandika usiku umeme ukiwepo. Lakini hii ya juzi juzi haimezeki. Ajansi moja ya Paris (sitaitaja, wenyewe wakisoma watajijua, ingawa Kiswahili watakisomea wapi) imenikatalia riwaya ya wavuvi wa Ziwa Victoria.

Riwaya yangu haina mvuvi.

Naandika polepole ndo muelewe. Mi nimeandika habari ya fundi wa nguo wa Kadutu, hapa kwetu Bukavu, Kongo, mama mmoja mjane, anashonea watu wa ndoa. Siku moja wanamuletea vikwembe (vitenge) vya maharusi wawili, familia mbili tofauti, mitaa tofauti, halafu siku ya kupima suti anagundua kwamba bwana arusi ni mmoja. Basi. Hiyo ndo stori, kurasa karibu 300 za hasira na uzi. Ziwa limo, ndiyo, ni Kivu, linaonekana mara moja hivi kutoka huko juu fundi akifungua dirisha, na samaki waliomo ni sambaza za kukaanga anazokula saa sita. Hakuna mutu anayeingia ndani ya mtumbwi. Hakuna nyavu. Victoria yenyewe sijawahi kuiona kwa macho.

Sasa kwa wale wasiojua hii biashara. Ajenti wa waandishi anasimama kati yako na wachapishaji. Anasoma kazi yako, akiipenda mnasaini, anaipeleka kwa wahariri anaofahamiana nao, anabishana nao juu ya kontrati, juu ya haki za tafsiri, za filamu, na yeye anakula asilimia, kawaida 15 kwa soko la kwao na 20 ikiuzwa nje. Anakula baada ya kuuza, si mbele. Akikuomba hela ya kusoma tu, kimbia, tena usiangalie nyuma. Kule London wana chama chao tangu 1974 na kwao hela ya kusoma ni marufuku, na New York sheria ya chama chao ni hiyo hiyo. Nasema hivi juu kuko rafiki yangu mmoja wa Ibanda alikutana na "ajenti" wa WhatsApp, picha nzuri, tai, rafu ya vitabu nyuma, akamutumia dola ili kitabu kisomwe "haraka", na mpaka leo tunangoja hiyo haraka. Hawa wangu wa Paris hawakuniomba hata franka moja, hilo nawapa. Kwa hiyo wakinipa pa kuweka nyota siwezi kuweka sifuri, nitaweka moja. Moja ya kutokuwa wezi.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika na ajenti wakati Wafaransa wengi wenyewe wanatuma kitabu moja kwa moja kwa mchapishaji. Ni kweli, kwa Kifaransa maajenti ni wachache bado, si kama kwa Waingereza. Lakini mi niko Bukavu, wandugu. Kuko wachapishaji niliowaandikia wakataka karatasi, kurasa zote, kwa posta. Posta gani? Niliuliza bei ya kutuma kifurushi na kampuni ya ndege nikarudi nyumbani kwa miguu nikifikiri. Tena hata ukituma, kule mlangoni kumejaa: Gallimard, wachapishaji wakubwa wa Paris, mwaka 2021, wakati wa korona, walifika hatua ya kuomba watu wasimame kwanza kutuma, juu walizoea kupata kama 30 kwa siku na zilikuwa zimefika kama 50. 50 kwa siku! Wafaransa walifungiwa ndani wote wakawa waandishi. Fundi wangu wa Kadutu apite wapi hapo katikati? Ndo nikasema acha nijaribu maajenti, angalau hao wanapokea kwa imeli.

Na kutuma kwenyewe ni kazi. Waingereza wanataka barua, sura tatu za kwanza, na muhtasari wa ukurasa mmoja ambao lazima utoe siri yote mpaka mwisho, yaani ile siri uliyoificha kurasa 300 unaimwaga kwa mistari ishirini. Wamarekani wanataka barua fupi na kurasa 5 ao 10 tu. Halafu wanataka useme kitabu chako kinafanana na vitabu gani vilivyotoka miaka hii ya karibu, hapo nilikaa siku nzima nikiangalia ukuta, fundi wangu hafanani na mutu. Formulere moja ilikataa kusonga mbele juu sina kodi ya posta, zile namba za eneo za anwani. Nikaandika sifuri tano, ikapita. Baada ya hapo unangoja wiki 6, 8, 12, na kwa wengi kimya maana yake ni hapana. Wameandika hivyo kabisa kwa ukurasa wao, bila haya.

Lakini hawa wa Paris walijibu! Hapo ndo utamu na sumu vilipoingia pamoja. Nilikuwa nimewatumia sura za mwanzo, na baada ya muda, si mrefu sana, ikaja imeli ya mwanamke mmoja, nzuri, mistari kama mitatu, inasema amependa sauti ya fundi, amecheka kwa ile sehemu ya sentimeta (wanaume wawili wanagombania mkanda wa kupimia, acha, siwezi kuimwaga yote hapa), na anaomba kitabu kizima. Wenzangu mnaoandika mnajua, kuombwa kitabu kizima si jambo dogo, wengi hawafiki hapo kamwe. Mi nilipiga kelele mpaka yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akaja mbio akidhani ni nyoka. Jioni mtaa wote ulijua. Mama alianza kuniita "mwandishi" mbele ya wageni, yaya akaanza kupiga hesabu ya hiyo 15 kwa mia, eti ni nyingi, tuwaambie 10. Nilikwenda Nyawera kwa sekretaria mwenye koneksio nzuri nikatuma fishie (faili la kitabu) nikiwa nimesimama, siwezi kukaa.

Halafu kimya. Miezi. Sikusumbua, juu wanasema usisumbue. Nilikumbusha mara moja kwa upole, sikujibiwa, sawa.

Halafu ndo hiyo barua. "Bwana," inaanza. Bwana! Jina langu la kwanza ni la mwanamke toka enzi za Biblia. Inaendelea kunishukuru kwa uvumilivu, inasema wameguswa na wavuvi wangu wa Ziwa Victoria, yule mzee na watoto wake wawili wa kiume, kwamba sura za kwanza zina nguvu sana, hasa usiku wa dhoruba, lakini kitabu kinalegea katikati baada ya sangara kupotea, na kwa kusikitika hawataweza kunisimamia. Wananitakia kila la heri.

Nilisoma nikiwa nimesimama kwa foleni ya maji. Nikasoma tena. Unajua mutu akikupa pole vibaya? Yaani anakuja kwa matanga yako analilia marehemu mwingine, na anakukumbatia, na wewe unabaki unamupigapiga mgongo. Ndo vile.

Nikajibu. Kwa heshima zote, kwa Kifaransa cha shule ya masista, nikaeleza kwamba nadhani kuko mchanganyiko, mi niliandika fundi, si wavuvi, naomba muangalie dosye yangu. Siku mbili tatu ikaja jibu, si la yule mama, ni la msaidizi, kijana nadhani, juu ukali ule ni wa mutu aliyeanza kazi majuzi: timu yetu husoma kila kazi kwa makini, uamuzi wetu ni wa mwisho, na kwa sababu ya wingi wa kazi hatuwezi kuingia kwa mazungumzo na waandishi. KWA MAKINI. Nilicheka kwanza. Halafu nikakasirika vile ambavyo sijakasirika tangu ile serikali ya wanafunzi ilikula michango yetu (hiyo ni stori ingine).

Nikaandika tena, safari hii bila heshima zote. Likajibu lenyewe, lile jibu la mashini: ofisi imefungwa mwezi wa 8, tutaonana mwezi wa 9. Wafaransa mwezi wa 8 hawapo, hilo kila mutu analijua, halafu wakirudi kunakuwa na ile mvua yao ya riwaya mpya, mamia kwa mkupuo, na kila mutu wa vitabu anazama humo. Kwa hiyo mwezi wa 9 nao hawakujibu. Wala wa 10.

Hapa watu wananipa ushauri mpaka kichwa kinauma. Mwenzangu wa chumba cha walimu anasema andika kwa Kiswahili uachane nao, kuko ile Tuzo ya Mabati Cornell iliyoanza 2014, siku hizi jina la Safal ndo liko mbele, unatuma mswada mwenyewe, hakuna ajenti katikati, na vilivyoshinda kuko vilivyochapwa na Mkuki na Nyota ya Dar. Ni wazo zuri, silikatai, nina kingine cha Kiswahili kiko nusu. Lakini fundi alikuja kwangu kwa Kifaransa, na wateja wake wanamutukana kwa Kifaransa wakitaka kujionyesha, sasa nimubadilishe leo juu ya uzembe wa msaidizi wa mutu? Yaya anasema ni ubaguzi, Mwafrika na Mwafrika ni ziwa na ziwa, wote sawa kwao. Sijui. Kuna siku namukubalia kabisa, kuna siku nafikiri ni mutu tu alifungua fishie mbili kwa wakati mmoja saa ya kwenda kula.

Na hapo ndo usingizi wangu ulipopotea, na ndo sababu ya kuandika haya yote. Kama barua ya wavuvi ilikuja kwangu, ya kwangu ilikwenda wapi?

Fikirini kidogo. Kuko mwanaume mahali fulani, Kisumu, Mwanza, Entebbe, ao yuko Ubelgiji huko anakumbuka tu ziwa la kwao, naye alingoja miezi kama mimi, naye ana mama anayemuita mwandishi. Siku hiyo hiyo anafungua imeli anakuta "Bibi", na habari za mkanda wa kupimia na vikwembe. Na ile barua ilisemaje? Maana mimi, ukiniuliza kama nimekataliwa, kusema kweli siwezi kujibu. Kitabu cha wavuvi kimekataliwa. Cha fundi hakuna aliyekisemea neno tangu yule mama alipocheka. Inaweza kuwa hapana, tena hapana ya matusi. Lakini inaweza kuwa ndiyo. Inaweza kuwa kuko kontrati imekaa kwa imeli ya mvuvi inangoja saini, na yeye amekasirika kama mimi, ameiweka kwa takataka, na Paris wanasema hawa waandishi wa Afrika hawajibu.

Yaya anasema nimekuwa kichaa. Labda. Lakini angalieni, nilisema nyota moja, na sasa nikifikiri vile yule mama aliandika mistari yake mitatu, hakuna mutu ambaye alikuwa amesoma fundi wangu vile, hata hapa nyumbani, hata mimi, basi ni mbili. Yeye nampa nne. Msaidizi wake nampa umande. Na kesho akiniandikia tena kuniomba kitabu kizima nitakwenda Nyawera mbio, sitaki kudanganya.

Kwa hiyo, kaka wa wavuvi. Kama unasoma Kiswahili, na kwa ziwa lile wengi mnasoma, na kama ulipata barua inayoongelea fundi wa Kadutu, nakuomba unitumie. Yote, hata kama ni mbaya, usikate kitu. Ya kwako ninayo hapa, sijaifuta. Walisema dhoruba yako ina nguvu sana. Walisema unalegea baada ya sangara kupotea, lakini mi hapo sijui kama tuwaamini, juu mutu asiyejua nani ni nani atajuaje wapi panalegea. Na ukitaka nikisomee hicho kitabu mwenyewe, kitume, hela siombi.