World Spider Catalog: daftari la kufungua kabla ya kutangaza spishi mpya

Anayeandika neno "buibui" kwenye intaneti huletewa kwanza mavazi ya akina mama, kwa hiyo mtu mwenye shida na buibui wa miguu minane hana budi kujua pa kwenda. Mimi huenda kwenye World Spider Catalog, orodha ya mtandaoni ya spishi za buibui zilizokwisha kupewa majina, huduma ya bure inayotunzwa tangu 2014 na makumbusho ya viumbe asilia ya Bern, Uswisi. Naipima hapa kwa kazi moja tu: kujua kama buibui wa ardhini, aliyetumbukia katika kikombe kilichofukiwa hadi ukingoni chini ya majani makavu, amekwisha kupewa jina.

Buibui huyo, akilazwa ndani ya spiriti chini ya hadubini, hana makuu: ni wa kahawia, hafiki sentimita moja, na viungo vyake viwili vya mbele vya kutolea uzi vimeachana kama mabomba mafupi. Alama hiyo humwingiza katika familia ya Gnaphosidae, yenye spishi zaidi ya 2,000, na hapo ndipo daftari hili linapoanza kufaa. Kila spishi imeandikiwa jina, aliyeieleza, mwaka, nchi inakopatikana, na herufi ndogo zinazoonyesha kama aliyeelezwa ni dume, jike au wote wawili. Herufi hizo zisidharauliwe. Ukiwa na dume, na katika jenasi hiyohiyo (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yupo wa nchi jirani anayejulikana kwa jike pekee, huenda unayemwita spishi mpya ni mume wa mtu.

Uzuri mkubwa zaidi ni maandiko yenyewe. Aliyejisajili hupakua maelezo ya asili pamoja na michoro ya viungo vya uzazi, ambayo ndiyo hasa hutenganisha spishi zinazofanana, na kumbukumbu zinarudi nyuma hadi kazi ya Carl Clerck, mtaalamu wa buibui wa Uswidi, ya 1757. Kwa sisi tulio mbali na maktaba za Ulaya, hilo pekee linatosha kulipia kifurushi cha intaneti.

Mapungufu yapo. Huduma haikutambulishii buibui wako. Mgeni asiyejua hata familia atazunguka humo bila kufika. Vilevile hufuata machapisho, si picha wala uvumi: Euoplos dignitas wa Queensland, Australia, ambaye jike lake hukaribia sentimita 5 na huishi katika shimo lenye kifuniko, alipata nafasi baada ya maelezo yake kuchapishwa mwaka 2023. Huo kwangu ni ukali unaofaa.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Buibui wangu amerudi katika kichupa chake, kibandiko kikisema "Zelotes, dume" (Zelotes ni jenasi mojawapo ya Gnaphosidae), na vikombe vimefukiwa upya palepale, kumsubiri jike.