Kitabu cha simu cha zamani: nimekitumia tena mwaka huu

Mwezi wa tatu niliporwa simu nikishuka daladala pale Kilombero, Arusha. Laini nilirudishiwa kesho yake, lakini namba nilizohifadhi kwenye simu zilipotea zote. Iliyoniuma zaidi ni ya mzee mmoja wa Temeke aliyefanya kazi bandarini na marehemu baba. Watoto wake siwajui, mtandaoni hayupo. Shangazi akaniambia, "Si kile kitabu cha simu cha baba yako kipo kabatini?"

Kipo kweli. Ni orodha iliyochapishwa ya wenye simu za mezani, ya enzi za shirika la Posta na Simu, kabla kampuni ya simu ya TTCL haijaanza kazi mwaka 1994. Karatasi ni nyembamba, herufi ndogo mno, nilisomea dirishani. Kila mstari una jina, S.L.P. na namba. Tatizo ni majina yetu kufanana: wenye jina la huyo mzee walikuwa wengi, na nisingemtambua kama nisingekumbuka sanduku lake kutoka kwenye kadi za Idi alizokuwa akimtumia baba.

Namba haikuita. Namba za mwanzo za mikoa zilishabadilishwa, Dar es Salaam ikatoka 051 ikawa 022, na namba zenyewe zikaongezwa tarakimu. Nikaandika barua. Sanduku bado ni lake! Wiki tatu baadaye akanipigia kwa simu ya mkononi.

Kwa hiyo nakithamini sana kitabu hiki, ingawa hakina namba hata moja niliyoijaribu ikaita. Ukimjua mtu kwa jina, ulimpata bila kumwomba mwingine namba yake. Simu za mkononi hazikuwahi kuwa na kitabu cha namna hiyo. Leo ukitaka kumtumia mtu pesa unaingiza namba, jina linatokea. Lakini ukiwa na jina tu, huna pa kuanzia.

Hata hivyo, waliomo ni wachache: ofisi, maduka, wakubwa, na wafanyakazi waliowekewa simu na mashirika yao. Bibi yangu kule Same hakuwahi kuwa na simu ya mezani, hivyo kwa kitabu hiki ni kama hakuwepo. Na namba yangu mwenyewe leo nisingekubali ichapishwe, kwa jinsi zinavyoingia zile meseji za "hiyo hela tuma kwenye namba hii". Ninachokililia ni upande wa huduma. Mwezi uliopita mtoto alizidiwa usiku, nikapata mtandaoni namba tatu za hospitali moja, zote hazipatikani. Namba za namna hiyo zingekuwa na kitabu kimoja kinachohakikiwa kila mwaka, ningekinunua.

Mzee alipojua nilikompata, akaniomba nimtafutie wenzake wanne wa bandarini. Wawili nimewaona humo, na barua zao nimeshazituma.