Uzoefu wangu na oto-ekole (shule ya udereva) moja ya Bukavu: kreno nilijifunza, daftari langu wakanifutisha

Mwalimu alishuka garini, akaubamiza mlango, akaniacha peke yangu kwenye njia inayopanda kwenda soko la Kadutu. Gari limekaa mshazari, mkia ndani, pua barabarani. Mbele yangu Fuso imejaa mifuko ya makaa. Nyuma yangu Noah ya mtu, imetoka kuoshwa, inang'aa. Kulia mtaro. Pikipiki zinapiga honi mpaka masikio yanauma. Naye amesimama ng'ambo ya njia, amekunja mikono kifuani, anawaambia wapita njia: "Mumuache, mama huyu ni profesa. Anafundisha watu kwenye WhatsApp. Ajifundishe na yeye."

Mafunzo nilimaliza zamani kidogo, leseni ninayo, na nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini juzi mdogo wangu ameniuliza kama ajiandikishe palepale, nami nikakosa jibu. Nikisema ndiyo, roho inakataa. Nikisema hapana, najua ninamnyima kitu. Basi naandika. Jina la shule silitaji. Bei na saa za masomo waulizeni wenyewe.

Kwanza nimpe mtu haki yake. Shefu, ndivyo sote tulivyomwita mwalimu yule, kreno anaijua, yaani kuingiza gari kinyumenyume katikati ya magari mawili kando ya njia. Bukavu kupaki si jambo dogo. Mji huu ulichorwa wakati wa Wabelgiji, ukiitwa Costermansville, juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, na magari yalikuwa ya kuhesabika. Leo ukitoka Nyawera mpaka Kadutu huoni mita kumi zilizo tupu na tambarare. Ukipata nafasi, ina mtaro upande mmoja na meza ya mama wa ndizi upande wa pili, na yote imeinama. Ndugu zetu wa Lubumbashi wenye avenyu pana wanatucheka tunapozunguka mara nne kutafuta pa kuegesha. Waje waegeshe wao siku ya mvua, tope likiwa limeshuka toka juu.

Shefu alinifundisha kusikiliza ambreyaje, yaani klachi, kwa mguu kabla ya kuachia breki ya mkono. Alinifundisha kwamba pasipo na ukingo wa saruji, uwe unapanda au unashuka, magurudumu ya mbele uyaelekeze pembeni, kwenye mtaro, ili gari likichomoka lisishuke katikati ya watu. "Heri mtaro kuliko mtoto wa mtu," alikuwa anasema. Halafu jiwe. Hakuna aliyeshuka kwenye gari la Shefu bila kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mpaka leo natembea na jiwe langu kwenye buti, na kila nikiliweka namkumbuka. Kwa hilo tu ningempa alama zote.

Shida ilikuwa karatasi yake.

Anauza kitabu kidogo, kurasa za fotokopi zilizobanwa kwa pini, sisi tukikiita silabusi. Usipokinunua hupangiwi saa ya kuendesha. Nusu yake ni alama za barabarani na sheria, yaani "code de la route", sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978. Nusu nyingine ni michoro ya kupaki, na michoro hiyo imetoka kwenye vitabu vya Ufaransa: dereva amekaa kushoto. Sasa niambieni, ni gari gani la Bukavu lenye dereva kushoto? Yapo, lakini hesabuni. Nchi yetu, Kongo, inaendesha upande wa kulia wa njia, ila magari yetu mengi huku mashariki yanatoka Japani, yanashukia Mombasa au Dar es Salaam, yanafika na usukani kulia. Hata gari la oto-ekole yenyewe lilikuwa la usukani kulia! Mwanafunzi anakariri mchoro usiku, asubuhi anakaa kiti ambacho mchoro haukijui.

Mdomo wa Shefu garini ulikuwa unasahihisha karatasi yake. Alikuwa anatuambia mambo ya kweli, lakini upesi, mara moja, huku anafoka. Mimi nimezoea shule. Nikirudi nyumbani nilikuwa nachukua daftari la miraba, biki ya buluu kwa gari na nyekundu kwa magurudumu, nachora yale aliyosema kabla sijayasahau.

Mfano ni huu. Ukiwa na usukani kulia na unapaki kulia, wewe umekalia mtaro. Mtaro unauona. Kona ya gari la mbele iko karibu na kiwiko chako. Usichokiona ni pua yako ya kushoto, ile inayochomoza barabarani unapokata usukani ukirudi nyuma, na ndiyo inayogonga pikipiki. Silabusi inakuambia geuza kichwa uchungulie dirisha la nyuma la kulia. Ukifanya hivyo peke yake kwenye gari la Japani, umeipa njia mgongo. Kwetu kinachookoa ni kioo cha kushoto. Unalala sambamba na gari la mbele, tako kwa tako. Unatazama kioo cha kushoto, pikipiki zipite. Unakata kulia wote na kurudi polepole mpaka taa mbili za gari la nyuma zionekane ndani ya kioo hicho. Unanyoosha. Kona yako ya mbele ikishapita kona ya mwenzako, unakata kushoto wote. Basi. Nilichora kurasa saba.

Nikazipiga picha, nikazituma kwenye grupu ya WhatsApp ya promosyo yetu, yaani darasa letu la udereva. Bure. Tulikuwa na papa mmoja wa pikipiki, baba anayebeba abiria, aliyetaka kuwa dereva wa teksi, mtu mzima, Kifaransa kinamsumbua, na silabusi ilikuwa kwa Kifaransa kitupu. Maneno yangu yalikuwa Kiswahili. Aliniandikia usiku ule: "Mama, leo nimeona." Maneno hayo matatu yalinifurahisha kuliko leseni yenyewe, nasema kweli. Wengine wakazipeleka kwa wenzao wa zamu ya jioni, na wa jioni wakapeleka kwa wanaojiandaa kujiandikisha, na hao wakaanza kuuliza kama silabusi ni lazima.

Hapo ndipo habari ikamfikia Shefu.

Naomba mnielewe kwa nini jambo hili lilinichoma. Nimesoma chuo hapahapa, wakati tunapanga foleni kununua silabusi ya kila kozi. Kiongozi wa darasa anakuja na orodha, jina lako linawekewa alama, na ambaye hana alama anaingia mtihani moyo ukidunda. Kulikuwa na binti tuliyekaa naye benchi moja, akili zake zilitupita wote, baba yake alikuwa amefariki. Tulikuwa tunamnakilia kwa mkono, zamu kwa zamu, kurasa kumi mimi, kurasa kumi mwingine, kwa mwanga wa simu. Tangu hapo niliapa: nikiwa na maandishi yangu, mtu hatalipa ili ayaone. Leo ni rahisi zaidi, picha moja na mega kidogo, imefika. Kumbe kuna watu ambao hilo linawakasirisha.

Ndiyo siku ya Kadutu. Hakuniita pembeni wala hakuniuliza kitu. Alinipeleka juu, saa watu wanatoka sokoni, akachagua pengo lile kati ya Fuso na Noah, akangoja nianze kuingia, kisha akashuka.

Nilikaa nimeshika usukani, mikono imelowa. Nilijua cha kufanya, nilikuwa nimekichora kwa mkono wangu, lakini kichwa kilikuwa kimejaa ile "profesa" na kicheko cha vijana. Gari likazimika. Nikawasha. Likazimika tena, likateleza kidogo nyuma, nikasikia watu wameguna kwa pamoja.

Aliyekuja ni mama mbeba mzigo. Mnawajua, wale mama zetu wanaopandisha vilima na gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Gunia lake hakulitua. Alisimama kwenye kona ya Noah, ameinama vile kamba ilivyomlazimisha, akanyoosha mkono mmoja nikauona kwenye kioo cha kushoto. "Kuya," akasema, yaani njoo. "Kuya, kuya... bado... kuya... Apo! Simama." Nikanyoosha. Akahamia mbele, akageuza mkono, nikakata kushoto wote. Gurudumu lilisimama shibiri moja toka mtaroni. Nilipofungua mlango nimshukuru alikuwa ameshaanza kupanda, naona mgongo wake tu. Paji la uso nililiona alipohamia mbele: kamba imeingia kwenye nyama. Hicho ndicho ninachokikumbuka usoni mwake.

Shefu akarudi garini, akakaa. Akasema: "Sasa andika na hiyo."

Nimejaribu miezi hii kumwelewa. Kitabu kile alikichapisha kwa pesa yake, labda ndicho kinachomlipia mafuta. Na michoro yangu miwili ya kwanza niliianzia kwenye yake, hata kama niligeuza usukani; ningeweza kumwambia kabla ya kutuma. Hilo nalikubali, na kama angenifuata kwa heshima ningemwomba radhi. Ningesema pia, nendeni kwake, ila msimjibu, shikeni kreno yake na jiwe lake mwondoke. Hilo ndilo nililokuwa nataka kumwambia mdogo wangu nilipoanza kuandika.

Lakini bado sijawaambia la cheti.

Mwisho wa masomo kila mtu alipewa cheti cha kuhudhuria, na bila hicho huendi popote na leseni. Changu kilikuwa mezani, kimeandikwa jina langu, hakina saini. Shefu akasema nitoe simu, nifute kurasa zote saba kwenye grupu, mbele yake, ndipo asaini. Nilimwambia alama za barabarani ni sheria ya nchi, haina mwenyewe. Nilimwambia kioo cha kushoto hakimo kwenye kitabu chake. Akasema saa inaenda. Wenzangu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, hakuna aliyefungua mdomo, na siwalaumu, nao walikuwa wanangoja saini. Nikafuta. Moja moja, kwa kidole changu, yeye anahesabu.

Hapana. Mdogo wangu hataenda pale. Nafuta pia zile alama nilizompa huko juu. Mtu anayekufutisha ulichojifunza ili akupe karatasi ya kwamba umejifunza, simpi chochote. Jiwe ninalo, nitamfundisha mwenyewe Jumapili, barabara zikiwa tupu.

Usiku ule nililia. Karibu saa nne simu ikaita, ujumbe toka kwa yule papa wa pikipiki. Picha saba. Alikuwa amezichapisha sekretaria, kwenye duka la fotokopi, kwa pesa yake tangu siku ya kwanza, akazikunja mfukoni, zina mafuta ya cheni kwenye pembe. Kwenye ukurasa wa kilima, nyuma ya gurudumu langu jekundu, alikuwa ameongeza kwa biki nyeusi duara dogo, na mshale, na neno moja nililolisahau mimi: "jiwe". Jana nimezituma kwa mdogo wangu hivyohivyo, na mafuta yake.